Refa Aliyekatazwa Kupuliza

4 Machi

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na kuku wako, pamoja na yule jogoo aliyenifukuza mpaka barabarani siku nilipokuja kukuaga. Sisi huku hatujambo. Mama watoto anakusalimu sana. Pacha wameanza shule, na tayari wamerudishwa nyumbani mara moja, wote wawili kwa kosa la mmoja, maana mwalimu alishindwa kujua ni yupi. Karakana yangu ya baiskeli inakwenda vizuri. Ningekupigia simu, lakini najua simu yako iko kabatini, imezimwa na kufungwa kwenye leso isije ikachakaa, kwa hiyo nimeona niandike.

Nina mambo mawili, moja tamu na moja chungu. Tamu ni kwamba baada ya miaka yote ya kukimbia pembeni ya mstari nikiwa na kibendera mkononi, nimepewa kipenga. Tena si cha mechi ya kirafiki. Ni fainali ya kombe la mji, Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, wauza nyama dhidi ya waoka mikate. Mwenyekiti wa waamuzi, yule bwana mwenye duka la miwani, ameniambia waziwazi kwamba nikiichezesha vizuri kipenga ni changu moja kwa moja, na nikiiharibu narudi kwenye kibendera nizeeke nacho.

Chungu ni gego la chini, upande wa kushoto. Limeoza, na linanipanda kichwani. Juzi kwenye mechi ya mazoezi nilimpa kipa kadi nyekundu kwa sababu aliniuliza naendeleaje. Nimeamua kuling'oa. Wewe ulikuwa matroni wa bweni, umeuguza watoto wa watu mpaka ukastaafu, hebu niambie mtu akishang'olewa jino anajitunza vipi. Daktari nitamwuliza pia, ila yeye simwogopi kama ninavyokuogopa wewe.

Mwanao,
Fundi

13 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Kuku wazima. Jogoo uliyemlalamikia hayupo tena, ameingia chunguni, na alikuwa mgumu kama nilivyotarajia. Jirani yangu fundi cherehani amejifungua mtoto wa kiume anayelia kuanzia alfajiri, kwa hiyo siku hizi sihitaji jogoo. Wabusu wajukuu zangu, na mwambie mwalimu wao amshonee mmoja kifungo chekundu.

Sasa nisikilize. Ukitoka kwa daktari utakuwa umeuma pamba. Iume kweli. Usiitoe kila saa kuiangalia, pamba haina habari mpya ya kukupa. Pale lilipokaa jino patabaki tundu, na tundu litajaa donge la damu. Donge hilo ndilo bandeji yako, na limekaa pale kwa hisani tu, usilichokoze. Ulimi usiende kulisalimia. Siku ya kwanza husukutui, hutemi mate, hunywi chai ya moto, hunyonyi kitu kwa mrija wala huvuti sigara. Najua uliacha, nasema tu. Shavu likivimba weka kitambaa cha maji baridi. Lala kichwa kikiwa juu ya mito miwili.

Kesho yake ndipo unaanza maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Usiyagongeshe mdomoni kama wale wavulana wangu wa bwenini waliokuwa wakishindana nani ana kelele zaidi. Yaache yazunguke taratibu, halafu inamisha kichwa yadondoke yenyewe. Kula uji uliopoa, viazi vya kuponda, ndizi iliyoiva, vyote upande wa kulia. Dawa ya maumivu meza kwa wakati wake, usingoje mpaka uanze kulia ndipo uitafute.

La mwisho ndilo kubwa. Usipulize kitu. Si moto, si puto la watoto, si kipenga. Wala usikimbie ovyo, damu itarudi. Kwa hiyo ling'oe leo hii unaposoma barua, au livumilie mpaka fainali ipite. Katikati usithubutu.

Shangazi yako

31 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Tunakushukuru kwa salamu. Kifungo chekundu kilifanya kazi siku moja, ya pili wakabadilishana mashati. Mama watoto anasema pole kwa jogoo.

Barua yako imefika, na ilikuwa nzuri mno, ila ilifika siku ya Ijumaa nikaisoma nikiwa tayari nimeshang'olewa jana yake. Kosa si lako. Nilikuwa nimekwenda kwa daktari mapema mara mbili, na mara zote mbili nilipofika mlangoni nilikumbuka baiskeli ya mteja iliyokuwa ikinisubiri karakana. Mara ya tatu mama watoto alinisindikiza, akasimama kati yangu na mlango.

Kung'olewa kwenyewe hakukuuma. Ganzi iliponiingia, mdomo wa chini ukawa kama nimeuazima kwa mtu mwingine. Daktari ni kijana mpole mwenye mikono ya mcheza ngumi. Aliniuliza nafanya kazi gani, nikamjibu natengeneza baiskeli, jambo ambalo ni kweli. Akasema basi ni kazi ya kukaa, haina shida, nipumzike tu siku chache. Masharti yake ni yaleyale yako, neno kwa neno, utadhani mmesoma darasa moja. Mama watoto ameyageuza sheria ya nyumba, na pacha ndio polisi. Nikisogeza ulimi tu, mmoja anapiga kelele jikoni, "Baba analigusa!"

Fainali ilichezwa Jumamosi. Ilikwisha.

Sasa, Shangazi, tangu juzi kuna maumivu mapya. Yameanza upya kabisa, makubwa kuliko ya jino lenyewe, yanapanda mpaka sikioni, na mdomoni kuna ladha kama nimenyonya msumari. Mama watoto amehamia chumba cha watoto kwa sababu ya harufu, ingawa yeye anasema ni kwa ajili ya kuwasaidia masomo. Sababu siijui. Nimefuata kila kitu.

Halafu kuhusu mimi kupewa fainali, katika barua yako hukusema neno. Labda ulipitiwa.

Mwanao,
Fundi

9 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Huku mvua imenyesha, paa linavuja sehemu ileile. Mtoto wa fundi cherehani bado analia. Kuku mmoja ameatamia mayai na hataki kuongea na mtu.

Nimelea wavulana mia kadhaa ukiacha wewe, na wote walipovunja dirisha waliandika nyumbani hivyo hivyo. Umenijazia ukurasa mzima wa pamba na ganzi na mikono ya daktari, halafu fainali uliyoiota tangu unavaa kaptura umeipa maneno manne. Ilichezwa, ilikwisha. Mtu aliyefuata kila kitu haamki siku ya nne sikio linamwuma na mdomo unanuka. Donge limetoka. Tundu limebaki wazi, mfupa unapigwa na hewa na chai, ndiyo maana unaona nyota mchana.

Acha kuandika barua, nenda kwa daktari. Atalisafisha tundu na kuweka dawa ndani, na utapata nafuu siku hiyohiyo. Usijaze karafuu, usijaze tumbaku, wala dawa ya shemeji wa mteja wako aliyewahi kuponyesha punda. Ukisharudi kaa chini unijibu jambo moja tu, kwa neno moja. Ulipuliza?

Shangazi yako

20 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Huku salama.

Ndiyo.

Kwa daktari nilikwenda siku ileile niliyopata barua yako. Alichungulia, akachungulia tena, halafu akaniuliza kama kutengeneza baiskeli huwa kunahitaji kupuliza. Nikamwambia ukweli. Aliliosha tundu kwa maji ya dawa, akaweka kitambaa chembamba chenye dawa ndani, na nilipofika nyumbani nilikuwa naweza kusikia watu wanasema nini. Nimerudi kubadilishiwa mara kadhaa. Sasa maumivu yamekwisha, nasukutua kwa chumvi kila nikimaliza kula, na ninakula kama bibi harusi.

Yaliyotokea ni haya. Jumamosi asubuhi nilikuwa na barua yako mfukoni na shavu kama nimeweka chungwa. Kumwambia mwenyekiti naumwa nilishindwa, maana kipenga angempa mtu mwingine saa hiyohiyo. Kupuliza nimekatazwa na watu wawili, na mmoja ni wewe. Nikaingia karakana, nikang'oa kengele kwenye baiskeli ya mteja, ile kubwa ya kubonyeza kwa kidole gumba, nikaifunga kwenye kiganja cha kushoto kwa utepe wa mpira wa tairi. Kipenga nikakitia mfukoni, kwa heshima tu.

Kipindi cha kwanza kilikuwa kigumu. Nilipogonga kengele mara ya kwanza, winga wa waoka mikate alisogea pembeni kunipisha, na watu waliosimama kwenye mstari wakafungua njia baiskeli ipite. Kila nikigonga, mzee mmoja mwenye toroli alikuwa anageuka nyuma. Lakini wachezaji walizoea. Hadi mapumziko walikuwa wanasimama kwa kengele vizuri kuliko wanavyosimama kwa kipenga. Hata kukimbia nilijibana, nikawa natembea haraka huku nimeinua kidevu. Mashabiki wa wauza nyama ndio walionimaliza. Waliliona shavu, wakaanza kuimba kwamba refa amehongwa mkate na bado anautafuna.

Mwishoni kabisa, bila bila, beki wa wauza nyama akaunawa mpira langoni kwake. Aliunawa kwa mikono yote miwili, Shangazi, kama anapokea mtoto. Nikagonga kengele. Uwanja ulikuwa unapiga kelele, hakuna aliyesikia, mpira ukaendelea, wauza nyama wakawa wanakimbia nao kwenda kufunga upande wa pili. Nikagonga mpaka kidole kikafa ganzi. Ningeacha, bao la dhuluma lingeingia mbele ya macho yangu kwenye fainali yangu ya kwanza. Nikatia mkono mfukoni. Nilipuliza kwa nguvu za miaka yote ya kibendera, na nilisikia kitu kinaondoka mdomoni kabla sijamaliza.

Nikatoa penalti. Nikapuliza tena ipigwe. Kipa wa wauza nyama akasimama wima, mikono kiunoni, akaangalia mpira unapita. Waoka mikate wakachukua kombe, mimi nikatema damu nyuma ya goli.

Sasa wauza nyama wamekata rufaa, na nimeitwa mbele ya kamati ya waamuzi katikati ya mwezi ujao. Nahisi kipenga kimekwenda. Nilikuficha kwa sababu niliona aibu, na kwa sababu ulikuwa umeniambia kabisa, ukapiga na mstari chini.

Mwanao,
Fundi

29 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Huku wote wazima.

Nimecheka mpaka fundi cherehani akaja kuuliza kama nimefiwa. Mungu anisamehe, maana najua uliumia.

Ukiitwa mbele ya kamati, nenda umeoga, mdomo msafi, shati la mikono mirefu. Usibishane na usimtetee mtu yeyote, hata wewe mwenyewe. Ukiulizwa sema kweli, inachukua muda mfupi. Kitambaa cha dawa kikishatolewa usirudi kwenye nyama ngumu kwa pupa, na kwa sababu nakujua, nasema tena: kupuliza bado, mpaka daktari aseme kwa mdomo wake.

Kuhusu mpira sina la kusema.

Shangazi yako

15 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Hatujambo. Mama watoto amerudi chumbani, na pacha wamehuzunika kwa kufukuzwa kazi ya upolisi.

Kamati ilikaa nyuma ya duka la miwani, sisi tumesimama, na macho ya miwani ukuta mzima yakitutazama. Nahodha wa wauza nyama alizungumza kwanza. Hakukataa kwamba beki wake alinawa. Alisema kipenga walikisikia vizuri sana, ila mwamuzi wa siku ile alikuwa kengele. Mchezo mzima wamesimamishwa kwa kengele, wakaanzishwa kwa kengele, basi kilipolia kipenga dakika ya mwisho walijua ni mhuni wa jukwaani, na kipa wao alipoona mpira umewekwa alikuwa bado anaingoja kengele. Kipa mwenyewe alikuwepo. Alisema hata sasa, akilala, anaingoja.

Mwenyekiti alivua miwani, akavaa nyingine. Akaniuliza kwa nini sikusema kwamba nimeng'olewa jino.

"Ningesema, ungempa mtu mwingine," nikamwambia.

"Ningempa," akasema.

Nilidhani yamekwisha na nikaanza kukiangalia kibendera kilichoegemezwa pale pembeni. Kisha kamati ikaamua kombe lirudishwe na fainali irudiwe. Mwenyekiti akawauliza manahodha wanamtaka mwamuzi gani. Wa waoka mikate akanitaja mimi, kwamba niliona mkono ambao wenzake wote waliuona. Wa wauza nyama naye akanitaja mimi. Alisema walinisingizia mkate, lakini mtu ambaye mdomo wake ulikuwa vile asingeweza kuutafuna hata angepewa bure.

Kwa hiyo ni mara moja tu nyingine. Kengele marufuku. Nikivurunda hata kurusha sarafu, narudi kwenye kibendera na hakuna wa kunitetea. Tarehe ni Jumamosi ya pili ya Juni. Jana nilikwenda kwa daktari, akasema fizi inaziba vizuri, nyama ya pinki imejaa karibu yote. Alinipa ruhusa nipulize palepale, nikapuliza, na mgonjwa aliyekuwa kwenye kiti akanyanyuka akaondoka.

Naogopa, Shangazi. Safari ile nilikuwa na jino la kulisingizia. Safari hii sina kitu. Njoo. Nauli ya basi nitampa dereva mwenyewe mkononi. Najua huupendi mpira na sijawahi kukuuliza kwa nini, ila njoo ukae tu na mama watoto.

Mwanao,
Fundi

16 Juni

Mwanangu,

Nimefika nyumbani salama. Basi liliharibika njiani, dereva akatuambia tusukume, nikamwambia mimi ni matroni. Yule kuku aliangua mayai yote, vifaranga wamekua na tumesameheana. Mwambie mkeo mto alionipa ni laini mno, shingo inaniuma, na nimeupenda.

Jumapili yote mlikuwa mnanizunguka mezani kama watoto wanaosubiri matokeo. Ulinimiminia chai, ukaniuliza nimeonaje, nikakujibu sukari imezidi. Nilikuona ulivyoinamisha kichwa. Kusema mbele ya watu sijazoea, sauti inanigeuka, na mbele ya wajukuu sikutaka. Nimeona niyaandike.

Siku zote sikupenda kazi hiyo. Wewe ulinijia ukiwa na miaka minne, kaka yangu amekufa, na nilijiapiza kwamba hakuna mtu atakayekutolea neno baya nikiwa hai. Halafu ukakua ukachagua kazi ambayo uwanja mzima unalipa kiingilio ili ukutukane. Ndiyo maana nilinyamaza. Sikutaka kukupongeza kwa kwenda kutukanwa. Nilipitiwa, uliandika. Sikupitiwa.

Jumamosi mkeo alinipeleka upande wa waoka mikate kwa sababu kulikuwa na kivuli. Ulipotoka na ile kaptura nyeusi, watu wawili nyuma yangu wakaanza. Mmoja alikuita kibogoyo. Niligeuka nikamwambia ni jino moja tu, tena la nyuma, na kama anataka kujua zaidi aje nimwonyeshe tundu la kwake. Kisha ukapuliza. Mwanangu, sikujua kwamba kile kitu kidogo kinaweza kunyamazisha watu wote wale. Ulikuwa unakimbia kila mahali, mgongo umenyooka, mtu mzima mwenye ndevu anakufokea puani nawe humwinulii sauti, unamwonyesha kidole tu aende mahali pake, naye anakwenda. Bao la wauza nyama lilikuwa halali, hata mimi nililiona. Nilijivunia mpaka machozi yakanitoka, mkeo akadhani ni vumbi, nikamwacha adhani. Baba yako angekuwepo angekuwa ameshatupwa nje ya uwanja kwa kushangilia mwamuzi. Hongera, mwanangu. Hongera kwa kipenga, na kwa fainali zote mbili. Umelelewa vizuri na umejilea vizuri.

Ila ile ya mwishomwishoni, yule kijana mrefu wa waoka mikate alipoangushwa mbele ya goli nawe ukapunga mkono wacheze, ile ilikuwa penalti. Nilikuwa nimekaa palepale. Nilisimama nikasema hivyo, na nimeambiwa nilisema kwa sauti. Kama ulisikia mwanamke anauliza refa amelelewa na nani, ni mimi.

Shangazi yako